Mwezi Muandamo na Hesabu ya Falaki

Jioni ya 29 Shaabani, jua likishatua, macho ya watu wa pwani huelekea magharibi kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Kufika isha simu zimeshaanza kulia: umeandama Makka, haujaandama Mombasa, kuna waliouona kisiwa kingine. Kesho yake nyumba moja imefunga, jirani anakunywa chai.

Wengi huuona ubishi huu kuwa vita vya dini na sayansi. Makala hii inaukataa mtazamo huo, na hoja yake inaanzia Damascus ya karne ya 14.

Kadhi mkuu wa Mashafii mjini humo tangu 1339 alikuwa Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni wa madhehebu yaleyale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Alitoa fatwa nzito: hesabu ikionyesha kwamba mwezi haukuwezekana kuonekana jioni ile, ushahidi wa anayedai kauona haupokelewi, kwani hesabu ni yakini na jicho huweza kukosea. Baadhi ya Mashafii waliokuja baadaye walimpinga. Hata hivyo, huyu alikuwa kadhi, akisema kwa ulimi wa sheria.

Zama hizohizo, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya hapohapo Damascus alikuwa Ibn al-Shatir. Kazi yake ilikuwa kupima saa za sala. Mahesabu yake ya mwendo wa mwezi yanalingana na yale ambayo Copernicus aliyachapisha mwaka 1543, na aliyeyafanya alikuwa mtumishi wa msikiti.

Leo ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani msikitini ni hesabu tupu ya jua. Hakuna anayemtuma muadhini akapime kivuli. Mwezi nao una mzunguko wenye wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na saa ya kuzaliwa kwake hujulikana miaka mingi kabla. Kisichojulikana ni kama utaonekana: mawingu yatakuwaje, na kama jicho litaidiriki hilali nyembamba. Hapo kazi ya mashahidi inabaki palepale, na kwa muumini kuutafuta mwezi ni ibada.

Basi jioni ya 29 mwanafalaki akae ubavuni mwa kadhi, na shahidi aulizwe alisimama wapi, saa ngapi, na pembe za mwezi zilielekea wapi. Huku karibu na ikweta mwezi mchanga mara nyingi hulala chali kama dau. Shahidi akidai kuuona baada ya saa ambayo hesabu inasema ulikwishatua, ashukuriwe kwa kuja, na ushahidi wake uwekwe kando.