Mungu Hahitaji Wakili Mwongo



Tafakari ya juma hili imetoka mahali ambapo wengi wenu hamkupatazamia: katika rasimu ya makala ya kamusi elezo. Vijana wetu kadhaa wanaosoma hapa Mazimbu, katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wameandika kwa Kiswahili makala ya Wikipedia juu ya mfululizo wa filamu za historia wa Profesa Ali Mazrui, uitwao The Africans: A Triple Heritage. Wakaniomba niipitie na kusahihisha lugha kabla ya kuiweka hadharani. Rasimu hiyo ikapita pia mikononi mwa waamini wengine, nao wakaniletea maoni. Ni maoni hayo yanayonilazimu kuandika, kwa sababu mengi hayaombi kusahihisha. Yanaomba kufuta.

Kwa wale wasioifahamu kazi hiyo, niseme kwa kifupi. Mfululizo una sehemu 9. Ulitengenezwa na BBC ya Uingereza kwa ushirikiano na kituo cha WETA cha Washington, ukaonyeshwa mwaka 1986. Mtunzi na msimulizi wake alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Makerere na baadaye Marekani, akafariki dunia mwaka 2014 na kuzikwa kwao Mombasa. Hoja yake ni kwamba Mwafrika wa leo ana urithi uliomjia kutoka pande tatu: mila na dini za wahenga wake, Uislamu, na ustaarabu wa Magharibi ulioandamana na Ukristo. Sehemu ya tatu, yenye jina New Gods, yaani Miungu Mipya, ndiyo inayozungumzia dini hasa.

Sasa tuyapime maoni yaliyoletwa. La kwanza lasema: “Baba Paroko, futa pale panaposema kwamba filamu inawahusisha wamisionari na ukoloni.” La pili: “Katika sentensi ya kwanza kabisa iandikwe kwamba Mazrui alikuwa Mwislamu, ili msomaji ajihadhari.” La tatu ni la hila zaidi: kila palipoandikwa “alisema” iwekwe “alidai”, na kila palipoandikwa “alieleza” iwekwe “alipotosha”.

Yote matatu nimeyakataa, na ninataka mjue sababu.

Makala juu ya filamu si filamu yenyewe, wala si mahubiri juu ya filamu. Kazi yake ni kumweleza msomaji kwa uaminifu filamu ilisema nini, nani aliitengeneza, lini, kwa fedha za nani, na watu wenye ujuzi waliipokeaje. Ukifuta alichosema Mazrui hujamjibu. Umemsingizia kwamba hakusema. Amri ya nane haina kifungu kinachoruhusu kumshuhudia jirani uongo pale jirani huyo anapokuwa wa dini nyingine.

Wanaoona kwamba filamu imeegemea upande mmoja hawakuachwa bila sauti. Mwaka ule ule wa 1986 Lynne Cheney, aliyekuwa mwenyekiti wa mfuko wa taifa wa Marekani unaogharimia taaluma za utu, aliishutumu kuwa ni shambulio dhidi ya Magharibi, akataka jina la mfuko wake liondolewe katika filamu, ingawa mfuko huo ulikuwa umetoa zaidi ya dola 600,000. Baadaye Wole Soyinka alibishana na Mazrui kwa maneno makali katika jarida la Transition juu ya nafasi ya Uislamu katika urithi huo wa Afrika, naye Mazrui akamjibu. Hayo yote yana mahali pake katika makala, pamoja na majina na miaka. Hata Mazrui mwenyewe, mwaka 1999, alisimama upande wa wakosoaji: alipinga hadharani filamu za Henry Louis Gates, hasa kwa jinsi zilivyoeleza habari za Waswahili na utumwa. Hivyo ndivyo watu wa elimu wanavyopingana: kwa kumnukuu mpinzani wao sawasawa, kisha kumjibu.

Kuhusu dini ya mtunzi, ni jambo la kweli na linafaa kuandikwa. Baba yake, Sheikh Al-Amin Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na huwezi kueleza malezi ya mwana bila kumtaja baba. Lakini habari hiyo ikiwekwa katika maisha yake ni elimu. Ikitundikwa mlangoni kama bango la “mbwa mkali” ni kashfa. Neno ni lile lile, na dhambi imo katika mahali lilipowekwa na katika nia ya aliyeliweka. Je, tungefurahi kama kila makala juu ya kitabu cha padre ingeanza kwa kumwonya msomaji kwamba mwandishi ni Mkatoliki?

Nao uchaguzi wa vitenzi si jambo dogo. Sisi wa Mazimbu tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Katika ardhi hii, iliyokuwa shamba la mkonge, chama cha ANC kilijenga chuo chake cha wapigania uhuru, kikakiendesha hadi kilipokabidhiwa kwa taifa letu mwaka 1992. Chuo kilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Kwa serikali iliyomnyonga alikuwa gaidi. Kwetu alikuwa shujaa. Walioishi hapa walionja uchungu wa kuandikwa na kalamu ya adui. Itakuwa aibu kalamu ya namna hiyo ikishikwa leo na Mkristo, papa hapa, dhidi ya jirani yake Mwislamu.

Msidhani kwamba vijana wetu niliwaachia hivi hivi. Jina la filamu walikuwa wamelitafsiri “Urithi wa Tatu”. Herufi chache tu, lakini maana yote imepinduka: “urithi wa tatu” ni ule unaofuata wa kwanza na wa pili, wakati Mazrui anasema urithi ni mmoja wenye pande tatu. Sasa pamesomeka “Urithi wa Pande Tatu”. Walikuwa wameandika pia kwamba ni “filamu bora kuliko zote juu ya Afrika”. Nikauliza ni nani aliyesema hivyo, wakakosa jibu, tukafuta. Palipoandikwa “inasemekana” nilidai jina la msemaji. Sifa isiyo na shahidi nayo ni uongo, hata ikiwa tamu. Anayefuta matusi tu na kuacha sifa za bure amehariri nusu.

Najua jibu la wengine: “Kanisa ni Mama yetu, na mama hasemwi vibaya mbele za watu.” Lakini Papa Leo XIII, aliyewafungulia watafiti hifadhi za nyaraka za Vatikano, aliandika mwaka 1883 kwamba mwanahistoria asithubutu kusema uongo, wala asiogope kusema kweli. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, akiwa katika kisiwa cha Gorée nchini Senegal mwezi Februari 1992, aliomba msamaha kwa dhambi ya biashara ya utumwa iliyotendwa na Wakristo. Iwapo Papa hakuliona hilo kuwa ni kumvua Mama nguo, sisi tunaogopa nini?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, Mhonda mwaka 1877, na Morogoro mwaka 1882. Walikomboa watumwa wengi, na hilo ni fahari yetu. Lakini Padre Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya uinjilishaji wa watumwa, ameonyesha kwamba waliokombolewa waliishi chini ya nidhamu kali ya misheni, na kwamba wapo waliotoroka. Aliyeandika hayo ni padre Mkatoliki, tena kwa kuzisoma barua za wamisionari wenyewe. Misheni haikuporomoka kwa hilo. Imani iliyofika Uluguru kwa miguu ya wale watu wa kweli, wenye fadhila na makosa, ndiyo hii tunayoiungama kila Dominika.

Kinyume chake, fikirini madhara ya kuficha. Kijana wa chuo anaweza kuitazama filamu yenyewe jioni moja katika simu yake. Akigundua kwamba makala iliyopitiwa na paroko wake ilikuwa imekatwa, ataniuliza kwa haki: na Habari Njema uliyonihubiria, umeikata wapi?

Someni Kitabu cha Ayubu, sura ya 13. Ayubu anawauliza rafiki zake kama kweli watasema udanganyifu kwa ajili ya Mungu na kumpendelea Yeye katika shauri. Kisha someni sura ya 42: hasira ya Bwana inawaka juu ya nani? Si juu ya Ayubu aliyelalamika. Ni juu ya wale waliojifanya mawakili wa Mungu, nao hawakunena yaliyo sawa. Iliwabidi kumwendea Ayubu yule yule ili awaombee.

Basi, yeyote kati yenu mwenye ushahidi kwamba Mazrui alikosea tarehe, jina au tukio, alete kitabu na ukurasa; nitawasimamia vijana wakiandike. Asiye na ushahidi ila ana uchungu, uchungu wake aulete katika sala, asiulete katika makala. Nao vijana nawaambia: wekeni kazi yenu hadharani bila hofu. Mkiona mkono usiojulikana umeibadilisha usiku, msirudishie kwa matusi. Rudisheni ukweli, mwonyeshe na mlikoutoa.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko