Karatasi ya Kifaransa, jibu la Swahili: nani anashika neno mbele ya leta?

Mama mmoja wa kartie yetu alitufikia ku radio na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameificha ndani ya fundo la kikwembe. Akaniambia: "Mwanangu, nisomee tena. Nataka kusikia kama njo vile waliniambia."

Ilikuwa convocation, baruwa ya mwito. Nusu ya ukurasa tu, na cachet chini. Kwenye mstari wa sababu waliandika "affaire vous concernant", maana yake jambo linalokuhusu, bila kusema ni jambo gani. Na karibu na jina lake: "à titre de renseignant".

Kijana aliyemusomea mara ya kwanza, pale ku avenue, alimwambia: "Mama, hawa ni watu wa renseignements." Kwa masikio ya mtu wa huku mashariki, neno hilo lina maana moja: upelelezi, mlango ambao unauingia na hujui utatoka saa ngapi. Mama hakulala. Asubuhi aliuzisha mbuzi wawili, akapeleka feza kwa mtu fulani aliyesema anajuana na wakubwa, "ili jina litoke".

Kumbe "renseignant" si mtu wa upelelezi, na si mshitakiwa. Ni mtu anayeitwa kueleza anachojua juu ya mambo ya wengine, na anasikilizwa bila kuapa. Majirani wawili walikuwa wanagombania mupaka wa shamba, na mama ni mmoja kati ya wachache wanaoukumbuka mupaka ule. Maneno mawili yanafanana kwa herufi, na mbuzi wawili wameenda.

Wengine watasema: ni shauri ya kukosa masomo. Sisi tunaona jambo lingine. Karatasi ile iliandikwa kwa mtu ambaye mwandishi wake alijua kwamba hasomi Kifaransa. Basi swali si kwa nini mama hakuelewa. Swali ni: nani anapata faida wakati mama haelewi?

Lugha nne, ngazi nne

Mkaaji wa Kivu, Ituri, Maniema ama Tanganyika anaweza kubadilisha lugha mara nne kwa siku moja. Nyumbani anasema lugha ya wazazi: Mashi, Kinande, Kilega, Kibembe, Kihunde ama nyingine. Sokoni ni Swahili. Akikutana na wasoda, mara nyingi ni Lingala. Akiingia ofisi, ukutani na mezani ni Kifaransa.

Mpango huu umeandikwa pia kwenye sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha kwanza, inasema lugha ya kiserikali ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba. Katiba inaomba leta izikuze hizo lugha nne bila ubaguzi. Lakini kati ya kukuza lugha na kuitumia kwenye gishe kuna safari ndefu.

Lugha za wenye silaha nazo zina historia yake. Lingala ilikuwa lugha ya Force publique, jeshi la wakati wa ukoloni. Chini ya Mobutu, kutoka 1965 mpaka 1997, ilibaki lugha ya jeshi na ya mikutano mikubwa. Vita ya AFDL ya 1996 na 1997 iligeuza mambo: Swahili ilifika Kinshasa pamoja na bunduki, na huku kwetu neno "afande" likaingia kwenye salamu za kila siku.

Ndiyo sababu mtu akifika ku barriere anapima kwanza mbele ya kufungua mdomo. Aseme "mbote chef"? Aseme "jambo afande"? Aseme "bonjour commandant"? Zote ni salamu, lakini kila moja inasema pia: ninajua wewe ni wa upande gani, na ninakubali nguvu yako. Mwenye kukosea salamu anaweza kuulizwa anatoka wapi, anaitwa nani, na baba yake ni wa kabila gani. Kusema ukweli, Lingala haina kosa, na Swahili haina kosa. Lugha yoyote inaogopesha wakati inasemwa na mtu mwenye bunduki kwa mtu mwenye mikono mitupu.

Heshima inayopanda na haishuki

Kwetu, mukubwa wa umri hatumwambii "wewe". Tunamwongelesha kama watu wengi: "Mumeamuka, baba? Mulilala muzuri?" Tunasalimia, tunauliza watoto, tunauliza mvua na shamba, na kisha tunaleta shida. Mwenye kuanza na shida anaonekana hana adabu.

Sasa angalia mtu huyu huyu akifika ofisini. Anasimama, anatoa kofia, anasema: "Mukubwa, minaomba munisaidie, kama munaweza." Jibu linatoka nyuma ya meza, bila macho kuinuka: "We mama, fanya mbio, unataka nini?" Mwenye kusema "we" anaweza kuwa na umri wa mjukuu wake. Heshima ilipanda ngazi, lakini haikushuka.

Inchi yetu ilijaribu kurekebisha jambo hili kwa amri. Mwaka wa 1972, wakati wa Zaire, "monsieur" na "madame" zilikatazwa, kila mtu akawa "citoyen" ama "citoyenne". Kwa maneno, wote wakawa sawa. Lakini aliyekuwa juu aliendelea kuitwa Guide na Président-Fondateur. Kubadilisha jina la kumwita mtu hakukubadilisha nani anangojea inje na nani anakaa ndani.

Kuna neno moja la adabu ambalo linatugharimu sana: kuomba. Tunasema "ninaomba" hata kwa kitu ambacho ni haki yetu. Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa. Sheria ya jamaa inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto ku état civil, na ndani ya siku hizo ni bure. Baba anayefika siku ya 20 hakuja kuomba kitu. Amekuja kutimiza sheria, na mtumishi wa leta yuko pale kuipokea. Lakini baba akishasema "munisaidie", kazi ya leta inageuka kuwa msaada wa mtu. Na msaada unashukuriwa.

Hapo ndipo maneno matamu yanaingia. Hakuna anayesema rushwa. Wanasema "motivation", "ya sukari", "ya maji", "transport". Kwa Lingala wanasema "madeso ya bana", maharagi ya watoto. Nani atakuwa na roho ngumu ya kunyima watoto maharagi? Neno lile limechaguliwa vizuri: linafanya anayekataa kutoa ndiye aonekane mtu mubaya. Adabu yetu, ambayo wazazi walitupatia ili tuishi vizuri na wengine, inageuzwa mlango wa mfuko wetu.

Sahihi chini ya maneno ya mwingine

Hatari inaongezeka mbele ya OPJ ama ku parquet. Mtu anajieleza kwa Swahili, pengine kwa lugha ya kwao. Mwandishi anaandika kwa Kifaransa. Kati ya mdomo wa mmoja na kalamu ya mwingine kuna tafsiri ambayo hakuna mtu anayeiona. Mtu akisema "nilimusukuma", kwenye karatasi inaweza kuwa "nilimupiga". Akisema "nilichukua", inaweza kuwa "niliiba". Mwishoni mwa PV kuna maneno haya: "lecture faite, persiste et signe". Maana yake: nimesomewa, ninasimamia niliyoyasema, na ninatia sahihi. Wangapi kati yetu waliweka kidole kwenye wino chini ya maneno hayo bila kusomewa kitu?

Na wenye kukimbia vita wako kwenye shida hiyo hiyo. Inchi yetu imeishi miaka mingi ambapo karte ya uchaguzi ndiyo inafanya kazi ya kitambulisho. Aliyeiacha ndani ya nyumba iliyochomwa anapaswa kutafuta attestation de perte, karatasi ya kushuhudia kwamba vitambulisho vyake vimepotea. Anaeleza yeye ni nani kwa lugha moja, anaandikwa kwa lugha nyingine. Herufi moja ya jina ikikosewa, ku barriere anageuka mtu mwingine.

Hata afya inapitia njia hii. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini na Ituri ilimalizika tarehe 25 Juni 2020, na iliua zaidi ya watu 2.200. Wakati ule tulisikia kila siku "cas suspect". Kwa munganga, ni mgonjwa ambaye anahitaji kupimwa. Lakini "suspect" ni pia neno la polisi: mtu anayeshukiwa ubaya. Ukimwambia mama kwamba mtoto wake ni "suspect", na gari inakuja kumuchukua, usishangae akimuficha. Kama angeambiwa tu "mtoto ana homa ambayo tunataka kuipima", hofu ingekuwa ndogo kidogo.

Sisi pia tuko na deni

Tusilaumu ofisi peke yake. Swahili yetu nayo inaweza kuwa ukuta. Mzee anayetoka kijijini na anasema Kitembo tu akifika hospitali ya mjini, sisi wa mjini tunamucheka, tunamukatiza, tunamujibia. Anapoondoka na dawa, hajui anywe ngapi.

Na sisi wa radio? Mara ngapi tumesoma tangazo la mkubwa fulani na kusema hewani "autorité imechukua mesures conservatoires", kisha tukaweka muziki? Tulisikika kama watu waliosoma. Lakini msikilizaji alibaki bila kujua kama kesho atafungua boutique ama atafunga. Neno gumu linapandisha anayelisema na linamuacha anayelisikia pale pale. Hilo ni deni letu.

Sheria inasema nini

Jambo ambalo wengi hawajui ni hili: sheria iko upande wa mwenye kutaka kuelewa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kila mtu aliyekamatwa ajulishwe mara moja sababu za kukamatwa na mashitaka yake, katika lugha anayoelewa. Kifungu hicho hicho kinasema garde à vue isipite saa 48, na kwamba mtu ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake ama mwanasheria wake. Kifungu cha 142 kinaomba Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu itangazwe na Rais. Na Mkataba wa kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambao inchi yetu iliingia mwaka wa 1976, unampa mshitakiwa asiyeelewa lugha ya tribinali haki ya mkalimani, bila kulipa.

Basi kusema "nielezeni kwa Swahili" si kiburi na si kukosa adabu. Ni Katiba.

Tunaweza kuanza na mambo madogo. Ukipata baruwa ya mwito, uliza: "Ninaitwa kama nani? Mlalamikaji, shahidi, renseignant ama mshitakiwa?" Mbele ya kutia sahihi ama kidole, sema kwa sauti ya pole: "Munisomee kwanza kwa Swahili, na munieleze pale ninapotia sahihi." Ukienda na mtu wa kukutafsiria, achagua mtu wa jamaa, usimuchague yule anayengojea wateja mlangoni. Na kwenye gishe, baki na salamu, baki na "baba" na "mama", lakini pahali pa "ninaomba munisaidie" sema "nimekuja kuandikisha mtoto". Adabu inabaki, na haki inabaki.

Kwa barriere ya usiku, hatuambii mtu aanze kusoma vifungu vya Katiba. Pale, uhai kwanza. Lakini ofisi si barriere, na mtumishi wa leta si afande.

Kwa wakubwa wanaotusoma, tunauliza kitu kimoja ambacho hakingoje bajeti: chini ya ule mstari wa "affaire vous concernant", andikeni mstari mmoja wa Swahili unaosema mtu anaitwa kwa sababu gani. Wino ni ule ule.

Mama yetu alienda mwishowe, pamoja na mtoto wa ndugu yake aliyemaliza masomo ya sekondari. Walimuuliza kama ule mti wa mupaka ulikuwa upande gani wa mfereji. Akajibu kwa Swahili, akasomewa, akaweka kidole, akarudi nyumbani mbele ya saa sita. Yule mtu aliyepokea feza za mbuzi bado anasema ni yeye aliyefanya jina litoke.