Raha ya Ufukweni na Majini ya Mombasa

Mtu wa pwani anayehamia Ongata Rongai kwa ajili ya kazi au masomo hakawii kuulizwa maswali mawili. La kwanza ni vipi ameweza kuiacha Mombasa raha akaja kukaa katika vumbi na misongamano ya barabara ya Magadi. La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: je, ni kweli kwamba kwenu paka husema, na kwamba mwanamke mzuri wa usiku ukimtazama miguuni utaona kwato? Mwenye kuuliza mara nyingi hana nia mbaya, na pengine chai amekununulia yeye. Hata hivyo yafaa maswali hayo yatazamwe pamoja, maana yanalingana sawasawa na aina mbili za sinema: ile ya starehe za ufukweni, na ile ya kutisha.

Wamarekani walikwisha kuzichanganya aina hizo mbili wakazifanyia mzaha. Mwaka 1987 mtunzi wa michezo ya kuigiza wa New York, Charles Busch, alionyesha mchezo wake uitwao Psycho Beach Party, na mwaka 2000 ukatokea kuwa filamu chini ya uongozi wa Robert Lee King. Kisa ni cha msichana wa Malibu, California, mwaka 1962, atakaye kujifunza kuteleza juu ya mawimbi pamoja na vijana wa kiume. Msichana huyo ana nafsi zaidi ya moja kichwani mwake, na huku nyuma watu wanauawa mmoja baada ya mmoja. Busch mwenyewe ameigiza kama mwanamke, ofisa wa polisi anayepeleleza mauaji. Kila kitu kimetiwa chumvi makusudi: nywele, rangi, maneno, hata mawimbi nyuma ya waigizaji yaonekana waziwazi kuwa ni picha tu.

Mzaha wa namna hii hauchekeshi ila kwa yule ajuaye kinachofanyiwa mzaha. Watazamaji wa Busch walikulia katika Gidget ya mwaka 1959 na Beach Party ya mwaka 1963, sinema za vijana wasio na kazi wala deni, wakiruka ngoma mchangani kana kwamba dunia haina mahali pengine. Upande wa pili walikuwa na Psycho ya Hitchcock ya mwaka 1960, na baadaye Halloween ya mwaka 1978 na wauaji wengine wa visu waliofuata. Busch alizipenda sinema hizo kwanza, ndipo akazicheka. Sisemi kwamba filamu yake ni ya kutazamwa na jamaa wote baada ya futari. Ina mambo ya chumbani mengi, na wanaouawa ni watu wenye kasoro za mwili, jambo ambalo mimi halikunichekesha hata kidogo.

Je, Rongai wangeicheka? Nusu yake, naam. Ukiingia kwa kinyozi au katika mkahawa mdogo wa huko, huenda ukakuta filamu ya kigeni inaendelea ukutani, na juu ya sauti za waigizaji imepanda sauti ya DJ Afro, msimulizi ambaye kwa miaka mingi amewasimulia Wakenya sinema za nje kwa Kiswahili na Sheng. Tanzania nako marehemu Lufufu alitia fora kwa kazi kama hiyo. Msimulizi wa aina hii hafasiri tu. Anatia yake. Msichana wa Kizungu akishuka peke yake katika ghala lenye giza, msimulizi humkaripia kama shangazi, humpa jina la mtaani, na chumba kizima hucheka mahali ambapo mtengenezaji filamu alitaka watu wapige mayowe. Huo nao ni mzaha juu ya sinema ya kutisha, na umefanyika bila kamera.

Nusu ya pili, ile ya ufukweni, ndiyo yenye mashaka. Mtazamaji wa Rongai hakuiona Malibu, bali ufuko anaoujua ni wetu. Kila Pasaka na kila Disemba safari za Diani hujaa, na tangu treni ya Madaraka Express ianze mwaka 2017 njia imezidi kuwa nyepesi. Anayekuja kwa siku tatu huona mchanga na muziki; soko la samaki, madrasa na nyumba isiyo na maji hazimo katika picha yake. Wala si watu wa bara peke yao. Mwaka 2012 Ulrich Seidl, Mzungu wa Austria, alionyesha Cannes filamu yake Paradies: Liebe, aliyoipiga katika pwani ya Kenya, juu ya wanawake wa Ulaya wanaonunua mapenzi ya vijana wa ufukweni. Filamu hiyo ni kali na haina uongo mwingi, lakini pwani yake ni hoteli na mchanga, basi.

Kuhusu majini, hapa pana jambo la kutenganisha. Kwa Muislamu, kuwako kwa majini si hadithi ya kutishia watoto. Sura ya 72 ya Qur'ani inaitwa kwa jina lao. Lakini paka asemaye Kiswahili fasaha na bibi mwenye kwato hawamo katika sura hiyo. Hizo ni porojo za barazani, nasi wenyewe tumezichochea. Ni nani kati yetu hajamtisha mgeni kwa hadithi za namna hiyo, kisha akacheka pembeni? Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa kumwogopa Popobawa, na hapakuwa na mtu wa bara aliyewaamrisha. Tanzania wamekwisha kuutia uchumi mkono: Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, ilijengwa juu ya pepo wa kike, na watu waliinunua.

Kwa hiyo vitu vyote viwili vipo tayari, ufuko na mzuka, na vyote viwili vimo katika mikono ya wengine. Ni kweli mambo yanabadilika. Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan imeleta tamthilia kama Sultana, iliyoanza Citizen mwaka 2022, ambamo watu wa pwani wana mama, deni, wivu na mashamba, kama watu wengine. Tamthilia tunazo, basi. Kinachokosekana ni kichekesho chetu wenyewe. Katika vichekesho vingi vya simu vinavyotazamwa Rongai, mtu wa pwani ni lafudhi tu: anavuta maneno, amelala mkekani, anasubiri biriani. Atakayefanya kazi hiyo vizuri atacheka pande zote, na mpwani mwenyewe asisalimike.

Wazee watasema mzaha wa namna hiyo si adabu yetu. Sikubaliani. Katika Mombasa ya zamani kulikuwa na beni za Kingi na Scotchi. Vijana wa Kiswahili walijipanga kama majeshi ya Wazungu, na hao Scotchi waliiga mavazi ya Waskochi. Wataalamu wa tarikhi wanabishana hadi leo kama ule ulikuwa utukuzaji au dhihaka. Nadhani ulikuwa yote mawili, kama ilivyo kwa Busch. Na katika taarabu, nani asiyejua kwamba kijembe hurushwa kwa sauti tamu, na aliyelengwa huinuka akatunza?

Basi mtu na aandike. Mahali pa kuanzia pako wazi: vijana wanne wa Rongai washuka stesheni ya Miritini na miwani ya jua saa mbili usiku, wamebeba spika kubwa kuliko masanduku yao. Waendako hawapajui vizuri, na paka mmoja amewafuata tangu getini. Mwenye kuwapokea ni bibi kizee wa Likoni, mtu mwema sana, ambaye ana shughuli yake ya kupika mahamri na hataki kusumbuliwa. Wao wanamtazama miguu. Yeye naye, kwa kuwa viatu vya hao wageni ni vya ajabu mno, anawatazama wao miguu.