Sakafu ya Ukumbi wa Shule na Udongo wa Mbuga

Shule inapobahatika kupata fedha za ukumbi wa michezo, jambo la kwanza kuulizwa kamatini ni sakafu itandikwe nini juu. Wapo watakao marumaru kwa kuwa hung'aa, na wapo waliovutiwa na picha za viwanja vya ndani vya Ulaya na Marekani vyenye sakafu za mbao. Sisi twaonelea kwamba kwa mahali kama Bukundi swali hilo limetangulizwa mno. Kwanza uulizwe udongo.

Bukundi imo wilayani Meatu, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na sehemu nyingi za wilaya hiyo zina ule udongo mweusi wa mbuga. Mkulima anaujua vema: masika hunywa maji ukafura, ukanata hata baiskeli haipiti; kiangazi hukauka, ukafanya nyufa za kuingiza mkono. Zege lililomwagwa juu yake huinuliwa na kushushwa mwaka hata mwaka, mpaka likatike. Hapo marumaru hubanduka, mbao hupinda, na mtoto aliyerukia mpira wa netiboli hutua juu ya ukingo wa ufa.

Kubaki na sakafu ya udongo si jibu. Vumbi lake ndilo maskani ya funza, mdudu aliyeingia Angola kutoka Amerika mwaka 1872, na kabla karne hiyo haijaisha akawa amefika pwani yetu. Watoto wetu wengi hucheza pekupeku.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza haya yawahusu nini. Kule maweni, kusini na mashariki mwa Unguja, nyumba imekaa juu ya jiwe la matumbawe lisilofura wala kusinyaa, na mafundi wa zamani walisakifu kwa chokaa iliyopondwa, wakapata sakafu za kudumu. Lakini mabonde ya mpunga, Unguja na Pemba, yana udongo mzito wa mfinyanzi, na fundi aliyezoea maweni akijenga huko hupata somo lake. Kwa hiyo twawaambia maofisa wanaopeleka ramani moja kwa shule zote: ramani ya kuta yaweza kuwa moja, ya msingi haiwezi.

Kwa Bukundi, udongo mweusi uchimbwe na kutolewa, pajazwe moramu na kushindiliwa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15. Juu yake yapangwe mawe, itandikwe karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo limwagwe zege lenye wavu wa chuma, likigawanywa kwa vipande ili lisijipasue ovyo. Maji ya paa yapelekwe mbali kwa mifereji. Miti isipandwe karibu, maana mizizi hunyonya maji upande mmoja na kuuacha mwingine. Uso wa sakafu usuguliwe kwa ubao, usilainishwe kama kioo, kwani vumbi la kiangazi juu ya kitu laini huangusha watoto. Hiyo ndiyo sababu yetu ya kuyakataa marumaru. Na mbao, katika nchi ya mchwa, ni kuwakirimu wadudu kwa fedha za umma. Mpira wa kutandaza waweza kuongezwa baadaye, zege likiwa limekauka barabara.

Twakiri kwamba zege ni gumu kwa magoti. Kwa mazoezi ya viungo yanunuliwe magodoro. Bei yake ni ndogo kuliko ya sakafu ya mbao.

Lakini adui mkubwa ni haraka. Zege halina budi kunyweshwa maji walau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mwaka wa fedha wa serikali nao hufungwa tarehe 30 Juni, na sote twajua pilikapilika za Mei na Juni. Shimo la kutoa udongo halionekani siku ya ufunguzi, hivyo ndilo hupunguzwa kwanza. Twaiomba halmashauri iandike fungu la msingi peke yake katika makisio, lisihamishiwe rangi na milango, na mhandisi wa wilaya alione shimo kwa macho yake kabla halijafukiwa.