Chanjo pekee haitawaokoa ng'ombe wa Tana

Kiangazi kinapozidi, wafugaji wa Tana River huteremsha ng'ombe hadi delta kutafuta malisho. Huko hukutana na nyati, ambaye hubeba vimelea vya ndigana kali bila kuugua. Kupe wa kahawia akimfyonza nyati, baadaye humwambukiza ng'ombe.

Chanjo iliyotengenezwa Muguga miaka ya 1970 huzuia ndigana, lakini kinga yake hupungua dhidi ya vimelea vitokavyo kwa nyati. Kwa hiyo josho lingali la lazima.

Miaka ya 1990 wafugaji waliachiwa gharama za majosho. Kaunti, zilizokabidhiwa huduma za mifugo mwaka 2013, hazina budi kuubeba mzigo huo: kupe hamtambui aliyelipa wala asiyelipa.