Kiingereza cha mtihani kilivyomponza mwanangu

Mwezi uliopita niliahidi kuendelea na mambo ya chanjo za safari. Chanjo itasubiri kidogo, maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu kikao cha wazazi shuleni kwa kifungua mimba wangu.

Mtoto huyu tulihamia naye Uingereza akiwa na miaka 5, Kiingereza chake kikiwa ni rangi na namba tu. Leo ana miaka 10 na yeye ndiye mwalimu wa nyumba nzima. Nikitamka neno kwa lafudhi yangu ya Tanga ananirekebisha, tena mbele ya wageni. Kwa hiyo mwalimu wake aliponiwekea mezani karatasi ya jaribio la kusoma, nikaona 93, nilidhani amechukua karatasi ya mtoto mwingine.

Kwa walio nje ya Uingereza: huku England mtoto anapomaliza shule ya msingi hufanya mitihani inayoitwa SATs, mwezi wa Mei. Karatasi ya kusoma ni ya saa 1, ina vifungu 3 vya habari na alama 50. Alama hizo hugeuzwa kuwa kipimo cha kati ya 80 na 120, na 100 ndicho kiwango kinachotarajiwa. Uandishi hauna karatasi yake, mwalimu hupima kazi za mwaka. Nafasi ya sekondari kwa kawaida haitegemei mtihani huu, kwani barua hutoka Machi. Lakini sekondari nyingi huangalia matokeo hayo zinapopanga watoto kwenye makundi. Hilo silo lililoniuma. Lililoniuma ni mtoto mwenyewe. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, kwa Kiingereza chake kile kile safi, kwamba yeye si mtu wa kusoma, basi. Miaka 10, ameshajifungia mlango.

Usiku ule sikuwa na zamu. Nilikaa na karatasi yake jikoni nikaipitia kama ninavyopitia faili la mgonjwa, swali kwa swali. Hadithi aliielewa. Nilipomwita anisimulie, alinisimulia yote, hadi jina la mbwa. Alichokosa ni maswali yenyewe.

Swali moja lilitaka aseme neno "crept" linatuonyesha nini juu ya hisia za msichana. Kwa Kiingereza chao: "What does the word 'crept' suggest?" Mwanangu akaandika kwamba neno linashauri msichana atembee polepole. Unaona? Kwake "suggest" ni kupendekeza. Rafiki ana-"suggest" mwende bustanini, mwalimu ana-"suggest" uvae koti. Mtihani unatumia neno hilo hilo kwa maana ya kudokeza. Kiswahili kina maneno mawili hapo, Kiingereza kinabebesha neno moja mizigo miwili, na mtoto kaangukia kwenye mzigo usio wake.

Swali jingine liliuliza "impression" anayoipata juu ya mzee wa kwenye hadithi. Hakuandika kitu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema "impression" ni kuigiza sauti za watu, kama wachekeshaji wa kwenye televisheni, na mle kwenye hadithi hakuna aliyeigiza. Na penye "find and copy one word" alinakili sentensi nzima, kwa mwandiko mzuri kabisa. Sifuri. Waliomba neno moja.

Yupo mtaalamu wa Canada, Jim Cummins, ambaye tangu mwaka 1979 alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya darasani. Mtoto mgeni huweza kupata ile ya kuchezea uwanjani kwa kama miaka 2, lakini ile ya vitabu na mitihani huchukua miaka 5 hadi 7, wakati mwingine zaidi. Ukimsikia mwanao anabishana na wenzake bila kukwama, usidhani kazi imekwisha. Mimi nilidhani hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Kwa nini nilipaswa kujua? Kwa sababu yalinikuta. Nilikuja na diploma yangu ya uuguzi, nikafaulu mtihani wa Kiingereza, wodini naelewana na wagonjwa na madaktari. Nilipoanza kusoma digrii, kazi yangu ya kwanza ilirudi na maneno mekundu kwamba nimesimulia tu. Waliniambia "critically discuss", mimi nikawasimulia kidonda cha mgonjwa mwanzo hadi mwisho. Siku nilipojiambia kwamba "discuss" hapa ni ile "jadili" ya karatasi ya Kiswahili kidato cha nne, nilicheka peke yangu maktabani. Jadili kwa kutoa hoja tatu kutoka kila kitabu! Nani aliyesoma nyumbani asiyeijua ile? Hoja, mfano kutoka kitabuni, maelezo ya mfano. Kumbe nilikuwa nayo, ila nilikuwa sijaitambua kwa nguo mpya.

Nirudi kwa mtoto. Kosa langu la kwanza lilikuwa kupakua kwenye intaneti orodha ndefu ya maneno ya mtihani na kumkaririsha. Wiki mbili tulilia wote wawili. Alijua tafsiri zote, na kwenye jaribio jingine akarudia makosa yale yale. Neno la kukariri halikai kama hujalitumia kufanyia kitu.

Kilichotusaidia ni Bibi yake wa Tanga. Jumapili moja alipiga simu, akasalimia, akauliza afya, halafu akasema: "Huku sukari imepanda jamani." Akaendelea na habari za jirani. Tulipokata simu nikamuuliza mwanangu, "Bibi anataka nini?"

"Hela ya sukari."

"Amesema anataka hela?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

Akafikiri. Akasema Bibi hutaja bei ya kitu kila anapokuwa amekiishiwa, na kwamba sauti yake ilishuka. Nikamwambia: hapo Bibi amedokeza, nawe umebaini, na ulichonitajia sasa hivi ndio ushahidi. Kwa Kiingereza cha mtihani Bibi "suggests", wewe "infer", na bei ya sukari ni "evidence". Akanitazama kama nimemficha kitu miaka yote hiyo.

Tangu hapo swali la nyumbani kwetu limekuwa "umejuaje?" Ni swali la wodini kwangu. Nesi haandiki tu kwamba mgonjwa ana maumivu, anaandika kwamba amekunja uso, ameshika tumbo, amekataa chai. Maswali makubwa ya karatasi ile, yale ya alama 3, yanataka hivyo hivyo: sema unachoona juu ya mhusika, kisha onyesha mstari uliokufanya uone. Watoto wengi husema la kwanza wakaacha la pili.

Tunachukua neno moja kwa wiki, nalibandika mlangoni mwa friji kwa lugha zote mbili. "According to" ni kwa mujibu wa, yaani jibu liko kwenye kifungu, usilete la kichwani mwako. "Summarise" ni ule ufupisho tulioteswa nao. "Character" imetupa kazi, kwa sababu kuna mahali ni mhusika na kuna mahali ni tabia, ikabidi tuibandike mara mbili. Karatasi za miaka iliyopita ziko bure kwenye tovuti ya serikali pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Usomeni huo mwongozo, una faida kuliko vitabu vya mazoezi vinavyouzwa. Na fanyeni mapema, kwani siku ya mtihani wa kusoma mwalimu haruhusiwi kumweleza mtoto maana ya neno wala kumsomea swali.

Walio Marekani mtakutana na maneno mengine, "cite", "theme", "central idea", na kila jimbo huchagua mtihani wake, ila njia ni ile ile. "Cite" ni kutaja mstari unaokutetea.

Kuna moja sijalisema. "Dokeza" hakuwa analijua. Ilibidi nimfundishe Kiswahili kwanza ndipo nimvushe kwenda Kiingereza, kwa sababu alipoanza shule mtu mmoja alinishauri niache kuongea naye Kiswahili ili asichanganyikiwe, nami nikakubali, nesi mzima mwenye vyeti vyake. Miaka mitatu nilimlea kwa Kiingereza changu cha wodini. Baba yake ndiye aliyekataa, akaendelea kumwita kula, kumkaripia na kumchekesha kwa Kiswahili, na nilikuwa namgombeza. Kama mtoto leo anamwelewa Bibi anapozunguka mbuyu, ni kazi ya baba yake. Nimeshamwambia. Anatembea kifua mbele tangu siku hiyo.

Jaribio la mwisho mtoto amepata 99. Mtihani wenyewe bado wiki tano. Sijui itakuwaje, lakini sasa hivi anasoma kitabu kinene kitandani kwa tochi, akidhani sijui.

Juzi Bibi alipiga tena. Alizungumza juu ya mvua za mwaka huu, kisha juu ya bati la jikoni ambalo, anasema, usiku linaimba. Mwanangu akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza, "Mama, alama tatu hizo. Linavuja, ana aibu kusema, na anajua jana ulilipwa."

Nimetuma za bati.