Tasfida isitupeleke kaburini

Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu, mzee wa miaka 71, kwa daktari. Njiani alikuwa amenieleza kwamba huamka mara tano kila usiku kwenda haja ndogo, na kwamba mkojo humtoka kwa matone. Alipoketi mbele ya daktari, kijana wa umri wa mjukuu wake, alitamka neno moja tu: “Tumbo.” Akaandikiwa dawa ya tumbo. Nami, mwalimu wa isimu, niliketi kando nikanyamaza kwa heshima. Siku tisa baadaye mkojo ulifunga kabisa, akakimbizwa hospitalini usiku kutiwa mpira wa kuutoa.

Simlaumu mjomba. Tasfida ni pambo la Kiswahili na ni dalili ya malezi mema. Hata hivyo, pambo la sebuleni halifai katika chumba cha daktari. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Lipo tawi zima la utabibu, urolojia, linaloshughulikia njia ya mkojo ya wanaume na wanawake, pamoja na viungo vya uzazi vya wanaume. Mjomba alikuwa na tatizo la tezi dume, tezi ndogo iliyouzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Aghalabu mwanamume akishapita miaka 50, tezi hiyo hutanuka, ikaubana mrija. Kutanuka huko si saratani, ila dalili zaweza kufanana. Ndiyo maana vipimo ni vya lazima. Zipo dawa za kulegeza misuli na nyingine za kuipunguza tezi. Zisipofaa, daktari hupitisha chombo katika mrija wenyewe akaikwangua, bila kulipasua tumbo.

Vivyo hivyo kuhusu vijiwe vya figo: vidogo hutoka vyenyewe mgonjwa anywapo maji kwa wingi, na vikubwa huvunjwa kwa mawimbi au kwa leza. Kichocho nacho, kinachowapata watoto wanaooga katika mito na mabwawa ya Pwani, huleta mkojo wa damu. Hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Kikiachwa miaka mingi, chaweza kuzaa saratani ya kibofu. Lakini mtoto atasemaje iwapo tumemfundisha kwamba kuutaja mkojo ni utovu wa adabu?

Watakuwapo watakaodai kwamba nataka wanafunzi wafunzwe matusi. La hasha! Neno huwa tusi kwa nia na mahali linapotumiwa. Katika shule zetu za upili tunafundisha sajili ya hospitali. Wanafunzi hukariri muuguzi, wodi, sindano na machela, wakapata alama zao. Ni wangapi wanaoweza kueleza kwa Kiswahili sanifu maumivu ya kibofu, korodani au mrija wa mkojo? Walimu wenzangu, tuyaingize maneno haya katika somo hilo, nanyi wanafunzi myapeleke nyumbani kwa wazee wenu.

Mjomba alifanyiwa upasuaji, na sasa hulala hadi alfajiri. Alipotoka wodini aliniuliza ni kitu gani kilichokuwa kikimtesa. Nikamtajia: tezi dume. Akalirudia neno hilo polepole, kisha akanitazama.

“Mwanangu,” akasema, “kumbe lina jina. Mbona hukumwambia daktari siku ile?”

Sikuwa na jibu.